Kubuni polima zenye pengo dogo la nishati: kutoka kwenye kifaa hadi kwenye utando

Anayeingia katika fani hii kwa kawaida huja na swali moja: nifanyeje ili pengo la nishati liwe dogo zaidi? Swali hilo limekuja mapema. Pengo ni umbali kati ya kingo mbili, yaani obiti ya juu kabisa iliyojaa elektroni, ambayo wanakemia huiita HOMO, na obiti ya chini kabisa iliyo tupu, LUMO. Umbali huo unaweza kupungua kwa kupandisha HOMO, kwa kushusha LUMO, au kwa kuzisogeza zote mbili, na kila njia huzaa polima yenye tabia yake. Polima mbili zinaweza kuwa na pengo lilelile la 1.4 eV (elektrovolti), moja ikaharibika mara inapoguswa na hewa na nyingine ikadumu miezi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na swali lingine: ni ukingo upi unataka usogee, na kwa kiasi gani?

Nachukulia kwamba unajua kemia ya kikaboni ya chuo, kwamba umewahi kusikia kuhusu elektroni za π, na kwamba unaweza kufika kwenye maabara yenye dohani ya kuvuta hewa chafu na gesi ya nitrojeni au agoni.

Hatua ya 1: Uliza kifaa kinataka nini

Kabla ya kuchora molekuli yoyote, andika namba tatu kwenye karatasi: pengo unalolitaka, mahali HOMO inapopaswa kukaa, na mahali LUMO inapopaswa kukaa. Viwango hivi hupimwa kutoka kwenye utupu, ndiyo maana ni hasi. HOMO ya −5.4 eV iko chini zaidi, au tuseme ina kina zaidi, kuliko ya −4.9 eV, na elektroni zake zimeshikwa kwa nguvu zaidi.

Kuhama kutoka pengo hadi rangi ya mwanga ni rahisi: gawanya 1240 kwa pengo katika eV, upate urefu wa wimbi katika nanomita. P3HT, polithiofini ambayo karibu kila maabara imewahi kuitumia, ina pengo la takribani 1.9 eV, kwa hiyo huacha kufyonza mwanga karibu na nm 650. Kila kinachopita hapo, yaani nyekundu iliyokolea na infraredi yote, hupotea bure. Polima ya 1.45 eV hufika karibu nm 855. Ya 1.0 eV hufika nm 1240, mbele kidogo ya pale silikoni inapoishia.

Seli ya jua ya tabaka moja haihitaji pengo la chini kupita kiasi. Hesabu ya Shockley na Queisser, ikitumiwa kwa mwanga wa jua unaofika ardhini, huweka kilele cha ufanisi karibu na 1.34 eV, na ufanisi wa juu kabisa kinadharia hapo ni takribani 33.7%. Ukishuka chini sana ya hapo unapata mkondo mwingi lakini volteji inaporomoka. Volteji yenyewe haitokani na pengo la polima peke yake. Kwa seli zilizotumia fulerini kama kipokeaji cha elektroni, kanuni ya makadirio iliyozoeleka ni kuchukua tofauti kati ya HOMO ya polima na LUMO ya kipokeaji, kisha kutoa 0.3 V. Tuseme LUMO ya kipokeaji ni −4.3 eV. Polima yenye HOMO ya −5.3 itakupa takribani 0.7 V. Polima yenye pengo lilelile lakini HOMO ya −4.9 itakupa 0.3 V tu. Hapo ndipo miradi mingi ilipokwama: watu walipandisha HOMO ili pengo lipungue, wakashangilia spektra, kisha wakakuta seli haina volteji.

Transista ina mahitaji mengine. Ikiwa unataka kusafirisha matundu, yaani nafasi chanya zinazoachwa na elektroni zilizoondoka, HOMO ya kati ya −5.0 na −5.4 eV hupokea matundu vizuri kutoka kwenye elektrodi za dhahabu, na ikizidi kina cha takribani −5.2 inaanza kuhimili oksijeni ya hewani. Ikiwa unataka kusafirisha elektroni, LUMO inapaswa kushuka hadi karibu −4.0 eV au chini zaidi, la sivyo maji na oksijeni huzinyakua elektroni njiani. Hiyo ni sababu moja iliyofanya polima ya naftalini diimidi na bithiofini, ijulikanayo kama N2200, kupokelewa kwa shauku ilipotangazwa mwaka 2009: ilisafirisha elektroni hata ikiwa hewani.

Kumbuka pia gharama ya pengo dogo lenyewe. Idadi ya chaji zinazozaliwa kwa joto tu, bila mwanga, hupanda kwa kasi ya kipeo kadiri pengo linavyopungua. Kwenye joto la kawaida la chumba, kushuka kutoka 1.5 hadi 1.0 eV huongeza chaji hizo zaidi ya mara 10,000, mambo mengine yakibaki sawa. Kwenye kihisi cha mwanga huo ni mkondo wa gizani unaomeza mawimbi dhaifu. Kwenye transista ni swichi isiyozimika vizuri. Tena, pengo likiwa dogo, nishati ya elektroni iliyosisimuliwa hupotea kwa urahisi katika mitikisiko ya bondi badala ya kutoka kama mwanga au umeme. Usishuke chini ya pale kifaa kinapohitaji.

Hatua ya 2: Fahamu pengo linatoka wapi

Mwaka 1977, Shirakawa, MacDiarmid na Heeger walionyesha kwamba poliasetilini ikipewa mvuke wa iodini, uwezo wake wa kupitisha umeme hupanda mamilioni ya mara. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Kwetu sisi wabunifu, poliasetilini inafundisha jambo la msingi zaidi: kama bondi zote za mnyororo wake zingekuwa na urefu sawa, pengo lisingekuwepo. Lakini mnyororo haukubali usawa huo. Bondi moja hurefuka, inayofuata hufupika, na tofauti hiyo peke yake hufungua pengo la takribani 1.5 eV.

Mwaka 1997 Jean Roncali aligawanya pengo la polima zenye pete za aromatiki katika michango mitano, na mgawanyo huo bado ndio ramani bora ninayoifahamu. Wa kwanza ni tofauti ya urefu wa bondi niliyoitaja. Wa pili ni msokoto kati ya pete jirani. Wa tatu ni nishati ya kiaromatiki inayozifungia elektroni ndani ya pete badala ya kuziacha zitembee. Wa nne ni vikundi vya pembeni vinavyosukuma au kuvuta elektroni. Wa tano ni jinsi minyororo inavyogusana ikiwa katika hali ya yabisi. Kila hila ya ubunifu utakayoisoma inagusa mmoja au zaidi ya hii mitano. Ukikutana na polima mpya, jiulize imegusa upi, nawe utaielewa haraka.

Hatua ya 3: Chagua njia kuu

Njia kuu ziko mbili, na mara nyingi huchanganywa.

Ya kwanza ni kuulainisha mnyororo uelekee umbo la kwinoidi, ambamo bondi kati ya pete inakuwa karibu maradufu. Thiofini yenyewe haipendi hali hiyo kwa sababu inapoteza uaromatiki wake. Lakini ukiipachika pete ya benzini ubavuni, hesabu inageuka: thiofini ikiingia kwenye kwinoidi, benzini inakamilisha uaromatiki wake, na faida ya benzini inafidia hasara ya thiofini. Poliisothianaftini, iliyoripotiwa mwaka 1984, ilifanya hivyo hasa, na pengo lake likawa takribani 1.0 eV, nusu ya lile la polithiofini. Thienopirazini na thienothiofini hufuata mantiki hiyohiyo. Tahadhari yake ni kwamba njia hii huipandisha HOMO. Ukiitumia peke yake utapata polima yenye rangi ya kuvutia isiyovumilia hewa, na ukiisukuma mbali sana mnyororo unaanza kuwa na elektroni zisizo na mwenzi, ishara za NMR zinatanuka hadi hazisomeki.

Ya pili ni kupanga kitoaji cha elektroni na kipokeaji cha elektroni kwa zamu kwenye mnyororo mmoja. Havinga na wenzake waliitumia kwa makusudi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo imetawala fani. Obiti za kitoaji na kipokeaji zikichanganyika, HOMO ya polima hukaa karibu na ya kitoaji na LUMO hukaa karibu na ya kipokeaji. Hii ndiyo sababu naipenda kuliko nyingine: inakupa mikono miwili, mmoja kwa kila ukingo. Unabadilisha kitoaji, HOMO inasogea. Unabadilisha kipokeaji, LUMO inasogea. Na upande wa pili hutikisika kidogo tu.

Vitoaji vya kawaida, kuanzia vya upole kwenda vya nguvu: kabazoli, benzodithiofini, thiofini na bithiofini, siklopentadithiofini, dithienopiroli, EDOT (ethilinidioksithiofini). Vipokeaji: thienopiroledioni na kwinoksalini ni vya upole, benzothiadiazoli ni ya katikati, isoindigo, diketopirolopiroli (DPP) na naftalini diimidi ni vya nguvu, benzobisthiadiazoli ni ya nguvu kupita zote hizo na huweza kushusha pengo chini ya 1 eV.

Kosa la kawaida hapa ni kuoanisha kitoaji kikali kabisa na kipokeaji kikali kabisa. Pengo linashuka kweli, lakini HOMO iko juu mno, na LUMO inajifungia kwenye kipokeaji peke yake. Obiti zisipokutana vizuri, polima hufyonza mwanga kwa unyonge hata kama inaufyonza mbali kwenye infraredi. Kwa kazi nyingi, kitoaji cha upole pamoja na kipokeaji chenye nguvu ndiyo jozi ya busara.

PTB7, polima ya benzodithiofini na thienothiofini, ni mfano mzuri wa kuchanganya njia zote mbili. Thienothiofini yake inaleta ukwinoidi, lakini imewekewa esta na atomi ya florini zinazovuta elektroni na kuishusha HOMO ambayo ingepanda. Pengo ni takribani 1.6 eV, na kingo zote mbili zimekaa mahali panapofaa.

Mfano wa hesabu: kihisi cha nm 940

Tuseme unataka kihisi kinachoona nm 940, wimbi linalotumika sana kwenye vihisi vya ukaribu. Mgawanyo wa 1240 kwa 940 unatoa 1.32 eV. Usiweke lengo hapo. Ukingoni mwa spektra ufyonzaji ni dhaifu, na kilele huwa 0.1 hadi 0.2 eV juu ya ukingo. Kwa hiyo lengo linakuwa takribani 1.2 eV. HOMO iwe karibu −5.2 ili polima istahimili hewa.

Unaanza na kitu kinachojulikana: DPP iliyozungukwa na thiofini tatu, PDPP3T, yenye pengo la takribani 1.3 eV. Unahitaji kushuka kidogo tu. Unaweza kubadilisha thiofini ya katikati kwa EDOT: pengo litapungua kwa sababu HOMO imepanda, na hapo unapoteza ustahimilivu. Au unaweza kubadilisha thiofini hiyohiyo kwa benzothiadiazoli, kipokeaji cha pili: sasa LUMO ndiyo inayoshuka. Polima hiyo ya pili imeshatengenezwa, na pengo lake ni takribani 1.2 eV. Ni mabadiliko ya pete moja, lakini kuchagua ni pete ipi ndiko kunakoamua kama kifaa kitafanya kazi.

Hatua ya 4: Nyoosha uti wa mgongo

Muunganiko kati ya pete mbili hudhoofika kwa kadiri ya kosini ya pembe ya msokoto. Kwa 20° unabaki na 94% ya muunganiko. Kwa 40° unabaki na 77%. Kwa 60° umepoteza nusu. Pembe ndogo hazina madhara makubwa, kwa hiyo usihangaike na 10°. Hangaika na 40°.

Msokoto mwingi hutoka kwenye hidrojeni zinazogongana. Pete ya pembe sita ikiunganishwa moja kwa moja na nyingine ya pembe sita, hidrojeni zao hazina nafasi. Ingiza thiofini katikati, nafasi inapatikana. Ndiyo maana DPP yenye thiofini kila upande imenyooka, lakini ile yenye fenili imejipinda na pengo lake ni kubwa zaidi. N2200 pia imejipinda kati ya naftalini diimidi na thiofini, kwa takribani 40° au zaidi, kwa sababu ya oksijeni za kabonili.

Njia mbili hunyoosha. Unaweza kuzifunga pete kwa daraja la atomi, kama siklopentadithiofini inavyofunga thiofini mbili kwa kaboni moja. Polima yake na benzothiadiazoli, PCPDTBT, ina pengo la takribani 1.45 eV. Kaboni hiyo ya daraja ikibadilishwa kwa silikoni, pengo halibadiliki sana, lakini bondi ndefu za silikoni huisogeza minyororo ya pembeni mbali kidogo na uti wa mgongo, na polima hujipanga vizuri zaidi katika utando. Njia ya pili ni kufuli zisizo na bondi halisi: salfa ya thiofini ikikaa karibu na oksijeni au florini ya pete jirani, mvutano mdogo huzishika zikiwa bapa. Florini ina zawadi ya ziada, nayo ni kushusha HOMO na LUMO kwa pamoja bila kugusa pengo sana. Ni chombo cha kusawazisha baada ya kazi kubwa kwisha.

Hatua ya 5: Kokotoa kabla ya kufungua chupa

Usanisi wa monoma moja unaweza kumeza miezi. Hesabu ya nadharia ya msongamano wa elektroni, ambayo wengi huifupisha DFT, humeza siku.

Kata minyororo ya pembeni uiache methili. Haigusi kingo kwa kiasi kikubwa lakini inaongeza muda wa hesabu mno. Jenga vipande vya kizio kimoja, viwili, vitatu, vinne, na zaidi kompyuta ikiruhusu. Kwa kila kiungo kati ya pete, zungusha pembe kwa hatua za 10° na uangalie nishati: bonde lililo bapa lina maana mnyororo utayumba, bonde lenye kina lina maana kufuli inafanya kazi. Kisha chora pengo dhidi ya kinyume cha idadi ya vizio. Mstari huwa mnyoofu mwanzoni, halafu hujilaza. Usiurefushe kama rula hadi sifuri, maana utapata pengo dogo kuliko la kweli.

Namba kamili za B3LYP, mojawapo ya funksheni za DFT zinazotumika sana, usiziamini peke yake. Funksheni hiyo hutawanya elektroni kupita kiasi kwenye minyororo mirefu, na zile zinazotenganisha masafa, zisiporekebishwa, hukosea upande wa pili kwa kukuza pengo. Ninachokipendekeza ni kukokotoa kwanza polima tatu au nne zinazojulikana, kwa mfano P3HT, PCPDTBT, PDPP3T na N2200, kwa njia ileile utakayotumia kwa polima yako. Linganisha na vipimo vilivyochapishwa. Tofauti ikiwa ni ileile kwa zote, iondoe kwenye ubashiri wako. Tofauti ikiruka ruka, badilisha njia. Mtu anayeripoti pengo la kukokotoa bila kipimo cha kulinganisha anakisia tu.

Mwisho, tazama picha za obiti. HOMO inapaswa kutambaa kwenye mnyororo wote. LUMO ikiwa imekaa kama madoa yaliyotengana kwenye vipokeaji tu, tarajia ufyonzaji hafifu.

Hatua ya 6: Minyororo ya pembeni

Bila minyororo ya pembeni polima haitayeyuka na hutaweza kuisafisha wala kuitandaza. Ikiwa mingi mno, inazuia uti wa mgongo kugusana. Uti ukiwa bapa na mgumu, heksili haitoshi. Anza na 2-ethilheksili, na kwa polima za DPP au naftalini diimidi nenda kwenye 2-oktilidodesili au kubwa zaidi. Mahali tawi linapoanzia pana uzito: ukilisogeza kaboni chache mbali na uti wa mgongo, nyuso za pete hukaribiana zaidi, ndani ya kiwango cha kawaida cha angstromu 3.5 hadi 3.8. Usipachike mnyororo mahali utakapogongana na pete jirani. Utakuwa umerudisha msokoto ulioutoa katika hatua ya 4.

Hatua ya 7: Usanisi

Njia inayotumika zaidi ni ya Stille: monoma yenye bromini mbili dhidi ya monoma yenye bati mbili, paladiamu ikiwa kichocheo. Njia ya Suzuki hutumia boroni badala ya bati, na ile ya kuunganisha moja kwa moja kwenye bondi ya kaboni na hidrojeni haihitaji hata moja kati ya hizo. Sharti la usalama kwanza: viambata vya trimethilibati ni sumu kali na huvukiza. Dohani, glavu zinazofaa, na taka zikusanywe pembeni.

Kinachoamua urefu wa mnyororo ni usawa wa monoma na ukamilifu wa mmenyuko. Hesabu ya Carothers, inayotoa wastani wa vizio kwa kila mnyororo, haina huruma. Monoma zikiwa sawa kabisa na mmenyuko ukifika 95%, wastani ni vizio 20. Ukifika 98%, ni 50. Ukifika 99%, ni 100. Sasa weka upungufu wa 2% tu kwa monoma moja, mmenyuko ukiwa uleule wa 99%: unarudi kwenye 50. Asilimia mbili ni kosa la mizani, au uchafu usioonekana kwenye NMR ya haraka. Ndiyo maana napendelea monoma ya trimethilibati inayotoa fuwele, pamoja na ukali wake, kuliko ya tributilibati ambayo mara nyingi ni mafuta. Fuwele unaweza kuzisafisha. Mafuta unayatumainia tu. Na usizipitishe monoma za bati kwenye silika ya kawaida, maana asidi yake huzing'oa bati.

Tumia kichocheo cha paladiamu isiyo na chaji, kama Pd₂(dba)₃ pamoja na fosfini ya tri-o-tolili, ndani ya klorobenzini au tolueni iliyotolewa oksijeni kwa kupitisha agoni kwa nusu saa. Ukianza na chumvi ya paladiamu yenye chaji mbili, lazima kwanza itumie sehemu ya monoma ya bati ili ijigeuze kuwa isiyo na chaji. Hapo umevuruga usawa na umeunganisha kitoaji kwa kitoaji. Makosa hayo ya kuunganisha pacha kwa pacha yana ubaya wa pekee katika kazi yetu. Kwenye polima za DPP, vipokeaji viwili vikikaa jirani huleta bega jipya kwenye spektra upande wa mawimbi marefu. Pengo linaonekana limeshuka, nawe unafurahi, kumbe umepima kasoro.

Mmenyuko ukikaribia kwisha, funga ncha kwa kuongeza thiofini yenye bati moja, kisha yenye bromini moja. Tonesha yote kwenye methanoli, chuja, uingize kwenye kifaa cha Soxhlet: methanoli, asetoni, heksani, kisha klorofomu au klorobenzini. Sehemu ya heksani hubeba minyororo mifupi. Itupe bila majuto. Koroga myeyusho wa mwisho na kinasa-metali kama sodiamu diethilidithiokabamati ili kupunguza paladiamu, ambayo ikibaki huwa mitego ya chaji kwenye kifaa.

Hatua ya 8: Pima kwa uangalifu

Uzito wa molekuli upime kwa kromatografia ya moto, 140 °C au zaidi, ndani ya triklorobenzini. Ukipima kwenye joto la chumba, minyororo iliyoshikamana itajifanya mnyororo mmoja mkubwa. Hata kwenye moto, ulinganisho na polistirini huongeza chumvi kwa polima ngumu, mara nyingi karibu mara mbili.

Spektra ipime katika myeyusho na katika utando. Pasha myeyusho moto taratibu: vilele vya mbali vikififia, vilitokana na minyororo kushikamana, na mchango wa tano wa Roncali uko mbele ya macho yako. Hakikisha kipimaji kinafika mbali. Vingi huishia nm 1100, na polima ya 1.0 eV itaonekana kama haina ukingo.

Kwa kingo, tandaza polima kwenye elektrodi, itumbukize kwenye asetonitrili yenye chumvi ya tetrabutilamonia, na upime volteji ambapo elektroni inaanza kutoka na ambapo inaanza kuingia. Weka ferosini kama rejea katika kipimo hichohicho. Wengine huihesabu ferosini kuwa −4.8 eV, wengine −5.1 eV, tofauti hiyo ya 0.3 eV ni kubwa kuliko maboresho mengi yanayotangazwa, kwa hiyo andika wazi umetumia ipi na usilinganishe namba zako na za mwenzako kabla hujajua yake. Pengo la kielektrokemia litakuwa kubwa kuliko la mwanga, kwa kawaida kwa sehemu ya kumi chache za eV, kwa sababu mwanga huzaa elektroni na tundu zilizobaki zimeshikana. Kwa hiyo kuchukua HOMO ya elektrokemia na kuiongezea pengo la mwanga ili kupata LUMO ni makadirio tu. Yatie alama hivyo kwenye daftari.

Matokeo yakikataa

Ukingo wa spektra ukiwa juu ya ubashiri kwa 0.2 eV au zaidi, angalia kwanza uzito wa molekuli kabla ya kulaumu muundo. Minyororo mifupi haijafika mwisho wa ule mkunjo wa hatua ya 5. Uzito ukiwa mzuri, rudi kwenye pembe za msokoto. Pengo likiwa chini ya ubashiri, tafuta pacha-kwa-pacha: sanisi polima upya kwa kichocheo kingine na uone kama bega linahama.

Pengo likiwa sawa lakini kifaa kibaya, usiguse pete za uti wa mgongo bado. Badilisha tawi la mnyororo wa pembeni, au weka florini mbili, upime tena. Hayo ni mabadiliko ya wiki chache, na yanaacha zile namba tatu za kwenye karatasi karibu pale ulipozipanga.